Kusoma Mguu Turkana

Mto Kerio huteremka kati ya milima ya Tugen na ukingo wa Elgeyo, kisha hushika njia ya kaskazini hadi Ziwa Turkana. Ukifika nchi ya Waturkana, sehemu kubwa ya mwaka huwa ni njia pana ya mchanga, na anayetaka maji huchimba. Katika bonde lake la chini kuna mahali paitwapo Kanapoi. Hapo, mwaka 1994, Kamoya Kimeu aliona vipande vya mfupa wa muundi. Huyu ndiye mtafutaji wa visukuku ambaye miaka 10 kabla yake alikuwa ameokota kipande cha kwanza cha yule Mvulana wa Turkana kule Nariokotome. Safari hii alipata ncha ya juu ya muundi, ile inayolibeba goti, na ncha ya chini, inayokaa juu ya kifundo. Sehemu ya kati ilikuwa imepotea.

Mwaka uliofuata Meave Leakey na wenzake walitangaza kwamba mfupa ule, wenye umri wa takriban miaka milioni 4, ulikuwa wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Wakamwita Australopithecus anamensis, kutokana na neno anam, ambalo kwa Kiturkana ni ziwa. Hakuna aliyemwona akitembea. Walichokuwa nacho ni uso wa mfupa mahali goti lilipokalia, na kwa umbo la uso huo, kwa jinsi ulivyobonyea pande zote mbili ili kupokea uzito, waliweza kusema: huyu alisimama.

Nimeanza na muundi wa Kanapoi kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia ni ya kusoma mguu pia, katika nchi ileile. Ila miguu hii ni ya watoto walio hai. Mwaka 2009 watoto 19 wa Kenya, huko Turkana, walipooza kwa polio, miaka 25 baada ya nchi kuona kirusi cha mwisho cha asili yake yenyewe. Kilichowafichua kwanza ni mikono ya mtu aliyeinua mguu wa mtoto, akahisi namna ulivyoanguka. Maabara ilifuata baadaye.

Katika maisha ya wachungaji wa Turkana, mtoto huanza kutumwa na mbuzi wachanga angali mdogo sana. Kisima cha mchangani kinaweza kuwa mwendo wa nusu siku. Malisho yakiisha, adakar nzima, yaani kundi la familia zinazochunga na kuhama pamoja, huvunja boma na kuondoka. Wazee waliochoka na watoto wachanga hupandishwa juu ya punda. Mtoto wa miaka minne hatarajiwi kupanda punda. Akipandishwa, watu huuliza.

Polio humpandisha mtoto punda ndani ya siku mbili tatu tu. Kirusi chake huingia kwa mdomo, kwa maji au kwa mkono uliogusa kinyesi, kikazaliana utumboni. Kwa watoto wengi mambo huishia hapo: homa kidogo, tumbo kuuma, au hakuna dalili yoyote. Lakini kwa takriban mmoja kati ya 200, kirusi hufika kwenye uti wa mgongo na kuua seli zinazoiamuru misuli. Seli hizo zikifa hazizaliwi tena. Msuli uliokuwa ukingoja amri hulegea, na baada ya wiki kadhaa husinyaa.

Hesabu hiyo ya mmoja kwa 200 ndiyo inayofanya mguu mmoja uliolegea uwe habari ya nchi nzima. Mtoto mmoja akipooza, kuna mamia wengine wanaocheza, wanaokula, wanaohama na mifugo, nao wamebeba kirusi bila kujua. Kwa kipimo hicho, nyuma ya watoto 19 wa mwaka 2009 palikuwa na maelfu.

Ujuzi wa kuusoma mguu wa namna hiyo ulikusanyika polepole, na kwa mikono mingi. Mwaka 1840 Jakob Heine, tabibu wa mifupa katika mji wa Cannstatt, Ujerumani, alichapisha kitabu juu ya watoto waliokuwa na homa fupi kisha wakabaki na miguu iliyolegea. Wakati huo wengi walidhani ni meno yanayoota, au baridi. Heine aliutazama mguu uliosinyaa, akaona kwamba mtoto bado anahisi akiguswa, akili yake ni timamu na mikono yake mara nyingi ni mizima. Akasema chanzo kimo katika uti wa mgongo. Hakuwa na hadubini ya kumthibitishia hilo. Ilichukua miaka 68 mpaka Karl Landsteiner na Erwin Popper, mjini Vienna mwaka 1908, walipochukua uti wa mgongo wa mtoto aliyefariki, wakausaga, wakawadunga nyani, na nyani wakapooza. Ndipo ikajulikana kwamba ni kijidudu kinachoambukiza.

Katikati ya miaka hiyo ndipo waganga walipojifunza kuligonga goti. Mwaka 1875 Wilhelm Erb wa Heidelberg na Carl Westphal wa Berlin, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha katika jarida moja habari ya jambo ambalo watoto wa shule wameshalijua kwa mchezo: ukigonga kano iliyo chini ya pia ya goti, mguu hurusha teke wenyewe. Westphal alidokezewa jambo hilo na mgonjwa wake, na ninaona heshima ya mgonjwa huyo isipotee, japokuwa jina lake halikuandikwa. Westphal alidhani ni msuli tu unaojibu kugongwa. Erb ndiye aliyepatia: habari ya kugongwa hupanda kwa mshipa wa fahamu hadi uti wa mgongo, amri hurudi, msuli hukaza. Hivyo ukigonga goti unauliza swali mgongoni. Goti likinyamaza, ujue njia hiyo imekatika mahali fulani.

Mwaka 1896, tarehe 22 Februari, Joseph Babinski alisimama mbele ya Chama cha Biolojia mjini Paris na kusoma maelezo ya mistari 28. Ukikwaruza wayo wa mtu mzima aliye salama, kidole gumba cha mguu hujikunja kuelekea chini. Kikiinuka juu, kuna madhara katika njia zinazoteremka kutoka ubongoni. Mistari 28 tu, na hadi leo hakuna mwanafunzi wa udaktari anayehitimu bila kuijua. Babinski alikuwa mtoto wa mkimbizi. Baba yake aliikimbia Poland mwaka 1848, na mwana akazaliwa Paris. Nitarudi kwenye jambo hilo la ukimbizi.

Ikiwa goti na wayo ni maswali mawili, majibu yake huelekea pande mbili tofauti, na mfano mzuri wa upande wa pili uko Tanzania. Katika ukame wa mwaka 1985, wilayani Tarime mkoa wa Mara, watu waliamka asubuhi wakakuta miguu yao imekakamaa. Daktari William Howlett, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzake waliwachunguza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Miguu ya wagonjwa wale ilikuwa migumu kama iliyofungwa kamba, magoti yakigongwa yaliruka kupita kiasi, vidole gumba viliinuka. Ulikuwa ugonjwa wa konzo, ulioelezwa na Trolli huko Kwango, Kongo, mwaka 1938, na uliowapata watu zaidi ya 1,000 mkoani Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Chanzo chake ni sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, njaa inapowalazimisha watu kufupisha siku za kuuloweka na kuukausha. Mtu wa mbali angesikia "miguu imepooza kijijini" akadhani ni polio. Aliyeshika mguu hakosei: wa konzo unakataa kukunjwa, wa polio haukatai chochote.

Turkana haikupata waganga wa namna hiyo mapema. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya iliyofungwa, ambayo mtu wa nje hakuingia bila kibali. Iliitumia kuwa mahali pa kuwaficha watu: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akazuiliwa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Mwaka huohuo wa 1961, njaa kali ikiwa imeshika, wamisionari wa Kiltegan kutoka Ayalandi waliruhusiwa kuingia, na zahanati nyingi za nchi hiyo zilianzia kwenye vituo vya chakula vya wakati huo. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa bonde la Kerio alikuwa mbali na chanjo hata miaka ya 2000, anzia kwenye lango hilo lililofungwa kwa miongo kadhaa.

Sehemu nyingine za Kenya zilikuwa zimekwisha kusonga mbele. Kirusi cha polio cha asili ya Kenya kilionekana mara ya mwisho mwaka 1984. Mwaka 1988 mataifa yaliyokutana Geneva yaliazimia kuufuta ugonjwa huu duniani, wakati ambapo ulikuwa ukipoozesha watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Ilipofika Oktoba 2006, ndipo kengele ikalia: msichana wa miaka mitatu katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab alipatikana na polio, wa kwanza nchini kwa miaka 22. Kirusi kilitoka Somalia. Macho yote yakageukia mashariki.

Kumbe safari nyingine ilikuwa ikija kutoka upande wa pili. Ukoo wa kirusi kilichofika Turkana ulianzia Nigeria, ukavuka Chad na kuingia Sudan katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2008 ukalipuka kusini mwa Sudan, nchi iliyokuwa imetoka vitani miaka mitatu tu iliyopita na yenye vijiji ambavyo mchanjaji hakuwahi kuvifikia. Mpaka kati ya huko na Turkana ni mstari wa ramani. Watoposa wa upande ule, Wakaramojong na Wajie wa Uganda, na Waturkana wa upande huu huzungumza lugha zinazoelewana. Kiangazi kikikaza huingiliana kwa malisho, kwa ndoa na kwa vita vya mifugo. Mwaka 2009 kiangazi kilikaza kweli, na mbuzi walikufa kwa wingi. Watu walihama kuliko kawaida, na kirusi kikahama nao.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mguu wenyewe. Wahudumu wa afya huita hali hii kwa herufi tatu, AFP, yaani kupooza kwa ghafla kwa namna ya kulegea. Agizo ni rahisi kulisema: mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla aripotiwe, hata kama unadhani si polio. Kulitimiza ni kazi ya mikono.

Mtoto hulazwa chali, juu ya ngozi au mkeka, kivulini mwa mgunga au ndani ya zahanati, na mama yake akae karibu na kichwa chake. Kwanza, kabla ya kumgusa, mtazame. Mguu mzima hulala ukiwa na umbo fulani la uhai, kidole kinachezacheza. Uliolegea huangukia nje, kama kitu kilichowekwa. Kisha tia mkono chini ya goti na uliinue upesi. Mguu mzima hupinga kidogo kabla ya kukubali. Uliolegea hukufuata, mzito, bila upinzani. Mtoto mdogo humwambii "sukuma mkono wangu", kwa hiyo unamtekenya, unamwonyesha kitu anachokitaka, unajaribu kumsimamisha, unaona ni msuli upi unaoitika. Nguvu hiyo hupimwa kwa namba kutoka 0 hadi 5, kipimo ambacho Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikiweka wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa ajili ya askari waliokatwa mishipa ya fahamu na risasi. Sifuri ni kimya. Moja ni mtetemo unaouona kwenye msuli huku mguu wenyewe hausogei. Tatu ni kuinua mguu dhidi ya uzito wake tu. Tano ni nguvu kamili.

Kisha goti hugongwa. Si kila kituo kina nyundo ya mpira. Ukingo wa kiganja au ncha za vidole vilivyokazwa vinatosha kwa mtoto mdogo. Pande zote mbili zigongwe, ulinganishe. Wayo hukwaruzwa pia, lakini hapa mchunguzi awe na tahadhari: kwa mtoto ambaye bado hajatembea, kidole gumba kuinuka ni kawaida, kwa kuwa njia zake za ubongo hazijakomaa.

Mwisho hupimwa hisia, na hiki ndicho kipimo ambacho, nikiri, sijawahi kukisoma vitabuni bila moyo kusimama. Katika polio, seli zinazokufa ni za kuamuru. Zile za kuhisi hubaki salama. Ukimfinya mtoto kwenye wayo, analia kwa maumivu, anageuza kichwa, mikono inamtafuta mama, mwili wote unataka kukimbia. Mguu hausogei.

Alama hiyo, pamoja na homa ya mwanzo, na kulegea kunakokamilika kwa siku chache, na upande mmoja kuzidi mwingine, humwelekeza mchunguzi kwenye polio. Kuna magonjwa mengine yanayofanana nayo. Mwaka 1916 madaktari Guillain, Barré na Strohl walieleza askari wawili wa Ufaransa waliolegea miguu yote miwili kwa usawa, wakiwa na ganzi na michomo. Ugonjwa huo huwapata watoto pia, na wengi hupona. Kuna sindano iliyochomwa vibaya tako, ikajeruhi mshipa mkubwa wa fahamu, mguu mmoja ukalegea. Mkono hutenganisha mengi ya haya. Hata hivyo mkono hauwezi kuapa, na ndiyo maana sheria ya kazi hii inataka kinyesi.

Sampuli mbili, zikipishana kwa angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, kwa sababu baada ya hapo kirusi huanza kupungua utumboni. Hutiwa kwenye kisanduku chenye barafu, na baridi isikatike mpaka maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, mjini Nairobi. Sasa fikiria Kerio. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni kama kilomita 700, nayo barabara ya Lodwar kwenda Kitale, miaka ile, ilikuwa ya kuvunja magari. Kabla ya hapo kuna kumfikia mtoto mwenyewe, kuvuka njia za mchanga ambazo mvua ikinyesha milimani hujaa maji kwa saa moja. Barafu inayeyuka. Mtoto hajapata choo leo. Adakar inataka kuhama alfajiri. Kila namba katika ripoti ya mwaka 2009 ilipita kwenye mlolongo huo, na mtu fulani asiyejulikana jina aliuvumilia mpaka mwisho.

Hadi mwaka ulipokwisha, Kenya ilikuwa imehesabu watoto 19 na Uganda, upande wake wa kaskazini, watoto 8. Chanjo ya matone ilipelekwa raundi baada ya raundi, kwa gari panapopitika, kwa miguu pasipopitika, visimani asubuhi mifugo inaponyweshwa, maana hapo ndipo familia hukutana. Kirusi kile kikakatika Turkana mwaka huohuo. Kwa maoni yangu hayo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya afya ya umma katika historia ya kaskazini mwa Kenya, na ni aibu kwamba hayasimuliwi shuleni. Lakini wale 19 hawakupona kwa sababu kirusi kilikatika. Aliyekuwa na miaka minne wakati ule ni mtu mzima sasa.

Utaratibu unadai pia kwamba siku 60 baada ya kupooza, mtoto achunguzwe tena, mguu uleule kwa maswali yaleyale, ili ionekane kama udhaifu umebaki. Miguu ya ugonjwa wa Guillain na Barré mara nyingi huwa imeanza kurudi. Ya polio huwa imesinyaa, paja moja jembamba kuliko jingine, na utepe wa kupimia unathibitisha. Jijini hiyo ni safari ya basi. Turkana, siku 60 ni msimu. Boma ulilolikuta limebaki duara la miiba, na wenyewe wako Uganda au milimani. Mchunguzi huanza kuuliza visimani: mmemwona mtoto anayebebwa?

Kwa sababu hiyo, kadiri miaka ilivyopita, kazi ya kuona mguu wa kwanza ilisogezwa mikononi mwa wanajamii wenyewe: wahudumu wa afya wa vijijini, wakunga wa jadi, wachungaji, na hata emuron, mtabiri na mganga ambaye wazazi wengi humwendea kabla ya zahanati. Ilikuwa busara kufanya hivyo. Emuron huletewa mtoto siku ya kwanza. Daktari wa Lodwar huletewa siku ya ishirini, sampuli zikiwa zimechelewa.

Niliahidi kurudi kwenye ukimbizi. Kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kando ya njia ya Lokichogio, iko Kakuma. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kutoka nchi kwao hadi Ethiopia, na kutoka Ethiopia wakatembea tena hadi Kenya. Wengi walikuwa wamebaki na miguu yao tu. Mbele zaidi, huko Lokichogio, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilikuwa na hospitali ya Lopiding tangu 1987 hadi 2006, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, pamoja na karakana ya miguu ya bandia na vyuma vya kushikilia miguu dhaifu. Kwa hiyo katika eneo ambalo ramani nyingi huliacha tupu, kulikuwa na mikono mingi inayojua mguu, kwa namna ambayo miji mikubwa ya Kenya haikuwa nayo.

Leo Kakuma, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka nchi nyingi, na mwaka 2024 miguu yake ilisomwa tena. Polio ilithibitishwa kwa watoto wanne wa kambi hiyo, na kirusi hichohicho kilionekana katika maji taka ya Kamukunji, Nairobi. Lazima niseme wazi ni kirusi gani, kwa sababu uvumi hustawi mahali maelezo yanapofichwa. Hakikuwa kirusi cha mwituni. Afrika ilitangazwa kuwa huru na hicho tarehe 25 Agosti 2020. Hiki kilitokana na chanjo. Matone ya polio yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyepewa hukitoa kwa kinyesi, na mahali ambapo karibu kila mtoto amechanjwa kinafia hapo. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa, hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, hubadilika kidogokidogo, na mwishowe hurudisha uwezo wa kupoozesha. Hiki kilikuwa cha aina ya pili, ambayo iliondolewa kwenye matone ya kawaida duniani kote Aprili 2016, hivyo watoto waliozaliwa baadaye walikuwa na kinga ndogo dhidi yake utumboni. Dawa yake ni kuwafikia watoto waliorukwa. Oktoba 2024 serikali ilituma wachanjaji katika kaunti tisa, Turkana ikiwamo, wakilenga watoto milioni 3.8, kwa matone mapya ambayo kirusi chake kimetengenezwa kisigeuke kwa urahisi.

Wakati huo maabara zilikuwa na uwezo ambao Heine hangeweza hata kuuota: zilisoma nasaba ya kirusi herufi kwa herufi, zikajua binamu zake wako nchi gani. Ila hazikuwa na la kusoma mpaka mtu ndani ya Kakuma alipoona mtoto anayeburuta mguu, akamlaza, akaliinua goti, akagonga, akafinya, kisha akaandika na kutuma.

Nawe msomaji, uwe Kerio, Kakuma au kwingine kokote: ukimwona mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla, usingoje uone kama utapona wenyewe, wala usimkande, wala usikubali achomwe sindano ya tako. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, siku hiyohiyo. Siku za kupata ushahidi ni 14 tu, na huhesabiwa tangu mguu ulipolegea.